Mwanafunzi Anayeendelea

Marehemu alikuwa amepata alama hamsini na mbili.

Inspekta aliitazama alama hiyo kwenye kioo cha kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaivaa tena. Hamsini na mbili ile ile. Insha iliwasilishwa wiki iliyopita, na mwenye insha alikuwa na miezi minne kaburini. Cheti cha kifo kilikuwa hapo mezani na muhuri wa hospitali juu yake: homa ya uti wa mgongo. Katika kifo chenyewe hakukuwa na la kutilia shaka. Kijana aliugua Ijumaa, Jumapili hayupo. Mwaka wa pili wa ualimu, basi, safari ikaishia hapo.

"Umeyaona mambo hayo?" aliuliza Mkuu wa Masomo ya Mbali, mwanamume wa suti na maneno mengi.

"Nimeyaona. Endelea."

Kituoni walimwita Inspekta huyu Sindano. Hakuwa mtu wa makelele. Aliingia polepole, na ukija kushtuka ameshafika kwenye mfupa. Jina hilo alilijua na hakulichukia.

"Wanafunzi hawa hawaji hapa," alisema Mkuu. "Wanasoma wakiwa majumbani kwao. Tovuti ndiyo chuo chao. Vitabu vimo humo, mihadhara imo humo, mwalimu yumo humo. Hata mwenye dhiki ya moyo ana mahali pa kubonyeza akapata ushauri. Kila kitu kimo."

"Na mtu akifa?"

"Samahani?"

"Akifa, tovuti inajuaje?"

Mkuu alikohoa. "Familia hutoa taarifa."

"Hii ilitoa?"

"Hatukupata kitu. Tumejua juzi tu. Mwanafunzi mwenzake alipiga simu kafura kwa hasira, anauliza tunawezaje kulitangaza jina la maiti kwenye orodha ya waliofaulu. Ndipo tukafungua akaunti. Baada ya mazishi kuna mtu ameingia karibu kila siku, na kila kazi iliyotolewa ameiwasilisha."

"Kwa kifaa gani?"

"Kishikwambi. Marehemu naye alikuwa akitumia kishikwambi."

Sindano aliandika neno hilo, akalipigia mstari. "Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni biashara!" Mkuu alipiga meza kidogo, kwa adabu. "Mkufunzi wake ameiuza nafasi. Mtu asiye na sifa anasoma kwa jina la maiti, mkufunzi anampasisha, siku moja wanachapisha cheti. Zitazame hizo insha, mbovu! Lakini zote zimepita, na zote kazisahihisha mtu mmoja. Kesho asubuhi baraza la nidhamu linakaa, na barua ya kumfukuza iko tayari. Baada ya hapo faili linakwenda mahakamani. Kama una jina jingine, niletee kabla ya baraza. Kama huna, jina ni lake."

"Insha nichapishie zote," alisema Sindano. "Na za zamani pia, alizoandika akiwa hai."

* * *

Mkufunzi alikuwa amekaa kwenye chumba chake chembamba, dirisha moja, meza moja, kompyuta imezimwa. Walikuwa wameshamfungia akaunti yake. Macho yalikuwa mekundu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sweta limevaliwa ndani nje na hakujua.

"Sijauza kitu," alisema kabla Sindano hajaketi.

"Sijauliza hilo."

"Watu wote leo wananiuliza hilo hilo."

"Mimi nauliza kwa nini ulimpa hamsini na mbili."

"Kwa sababu ilistahili arobaini."

Sindano alimtazama vizuri. Mwongo angejitetea. "Haya, eleza."

"Alikuwa mwanafunzi mzuri. Kisha ghafla kazi zikashuka. Marejeo hamna, vichwa vya habari hamna, anaandika kama anayeongea. Nikamwandikia kwenye ule ukurasa wa mazungumzo, nikamwuliza, kuna nini nyumbani? Akanijibu neno moja. Nimefiwa."

"Ukamwuliza amefiwa na nani?"

"Afande, mtu amekwambia amefiwa, utamhoji kama karani wa bandarini? Nilimpa pole. Nikamwambia kwanza ule, kisha ulale, kazi itasubiri. Nikawa namwongezea alama mbili tatu, sikatai. Kumi na mbili, hiyo ya mwisho. Nilimwonea huruma."

"Maandishi yamebadilika namna hiyo, hukushtuka?"

"Niliyaona. Nikasema ni msiba. Msiba humgeuza mtu, hata sahihi yake hubadilika." Alifungua kiganja, akakifunga. "Nina wanafunzi mia mbili na sura ya hata mmoja siijui. Ninachojua ni wanavyoandika. Yule alikuwa akianza kila barua kwa utani, lazima. 'Mwalimu, leo nimeamka kabla ya jogoo, jogoo kanuna.' Utani ulipokwisha nikasema atapona, utarudi."

"Lini umeambiwa amekufa?"

"Leo asubuhi. Pamoja na hiyo barua ya kunisimamisha. Nimepewa vyote viwili kwa mkupuo." Hapo sauti ikamkatika. "Hata kumlilia mwanafunzi wangu sijapata nafasi. Nikilia wanasema najitia huruma."

Basi akalia, na Sindano akamwachia alie. Aliona uchungu, na alijua uchungu wa kuigiza ukoje. Miaka yote ya kazi ameuona wa kila rangi. Huu haukuwa wa kuigiza. Lakini baraza la nidhamu halipokei machozi, linataka jina.

Akiwa mlangoni akageuka. "Sweta lako umelivaa ndani nje."

Mkufunzi akajitazama, akacheka kidogo huku analia. Alilivua akaligeuza.

* * *

Marehemu alikuwa na binamu, mtoto wa kaka yake mama, mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Majirani walimtaja kwanza: wawili hao walikuwa kama chanda na pete, na vyombo vyote vya marehemu vilipita mikononi mwake. Kila mtu alimwita Fundi Simu. Juu ya kibanda kulikuwa na kibao: TUNATENGENEZA SIMU. Chini yake, kwa herufi ndogo za aibu: Na kazi za chuo.

Sindano alikisoma kibao mara mbili, akajisemea kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Fundi Simu alipoona kitambulisho, bisibisi ilimdondoka.

"Kazi za chuo ni zipi?"

"Kuchapa tu, afande. Mtu analeta maandishi ya mkono, mimi nachapa."

"Fungua hiyo kompyuta."

Alifungua kama mtu anayefunua kidonda. Kulikuwa na insha humo, lundo. Sindano alisoma mwanzo wa moja, wa nyingine, wa tatu. Zote zilianza hivi: Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia, hakuna asiyejua umuhimu wa.

"Unaziuza."

"Afande…"

"Nauliza, au najibu mwenyewe?"

"Nauza." Jasho lilikuwa linamtoka puani. "Lakini kwa watu wazima wenye akili zao! Wanakuja wenyewe!"

"Na kwa binamu yako? Nani umemuuzia jina lake?"

Fundi Simu alisimama. Woga ulimtoka wote, ikabaki hasira. "Wee mama, usinitukane. Yule nilikula naye sahani moja. Mimi tapeli, sawa, niandike hivyo. Mchawi siyo. Siwezi kumtumikisha maiti."

"Kishikwambi chake kiko wapi?"

"Sijui."

Lilitoka haraka mno. Sekunde iliyopita mtu huyu alikuwa anamtazama machoni, sasa anatazama bisibisi sakafuni.

Sindano hakumsukuma. Aliomba kigoda, akaketi kivulini nje ya kibanda, akatoa zile karatasi za chuo. Alianza na zile za uhai. Kijana aliandika vizuri, mcheshi, marejeo yake yamepangwa. Kisha akashika za baada ya mazishi. Hakuna ulimwengu wa leo wala sayansi na teknolojia; hizi hazikutoka kwenye kompyuta ya Fundi Simu. Swali la ile ya mwisho lilikuwa: Eleza utakavyompokea mtoto siku yake ya kwanza shuleni. Na jibu lilikuwa hivi:

"Usimdanganye kwamba unakwenda dukani na kurudi. Mwambie unaondoka. Atalia. Mlango ukishafungwa usirudi kumchukua, utamharibu, lakini usiende mbali pia. Kaa chini ya dirisha. Utamsikia analia, halafu utasikia kimya, na kimya hicho ni kibaya kuliko kilio. Ngoja mpaka uisikie sauti yake katikati ya sauti za wenzake. Hapo unaweza kwenda."

Alirudia kusoma, kidole kwenye mstari. Mwalimu huwa ndani. Mwalimu humwona mtoto anaingia, na mlango ukifungwa mtoto yuko naye. Huyu mwandishi alikuwa nje. Alikaa nje ya darasa, chini ya dirisha, akisikiliza. Aliulizwa atampokeaje mtoto, akaeleza jinsi ya kumwacha.

Akazirudia zile nyingine za baada ya mazishi, na kote ni vivyo hivyo. Mtoto mwenye homa darasani: mwandishi anajua paji la uso lilivyo alfajiri. Mtoto asiyependa hesabu: mwandishi anamhesabia vifungo vya shati. Hamna mnunuzi wa vyeti humu, na mwizi hawezi kuandika hivi.

Sindano alivua miwani, akabaki ameishika. Moyo ulimwuma, waziwazi, kama mtu aliyemkanyaga mtoto gizani. Alikuwa ametoka kuwinda tapeli.

"Fundi," aliita. "Shangazi yako anakaa wapi?"

Fundi Simu alitoka kibandani. Uso ulikuwa umemwanguka. "Afande, muache. Nakuomba. Nikamate mimi, kibao changu si umekiona? Yule muache."

"Kuna mtu mwingine anakwenda kuumia kwa jambo hili. Kesho asubuhi. Twende, nionyeshe nyumba, halafu wewe urudi."

* * *

Mama wa marehemu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sebule yake ndiyo karakana: cherehani dirishani, na kamba imepita ukuta hadi ukuta, mashati madogo yametundikwa, mikono inaning'inia. Kishikwambi kilikuwa juu ya kabati, kimeegemezwa ukutani, mbele yake kitambaa cheupe kilichodariziwa. Hakikufichwa wala nini.

"Hodi, mama. Pole na msiba."

"Nimeshapoa, ahsante. Karibu." Alimtazama Sindano kutoka kichwani hadi viatuni. Viatu vya polisi haviwezi kujificha. "Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja wengi. Kaa, dada."

Sindano aliketi. Akaweka zile insha juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Ni zako, mama?"

"Zangu. Ila alama ni zake, mimi sina shule."

"Ilianzaje?"

Mama alishika kipande cha kitambaa, akawa anakikunja na kukikunjua. "Nilitaka kuwaambia. Haki ya Mungu, nia yangu ilikuwa hiyo. Wiki ile ya pili nikasema, hawa wa chuo hawana habari, si uungwana. Nikakiwasha. Nikagusa pale aligusaga yeye. Ikaandika karibu tena, na jina lake. Leo tukusaidie nini?" Alimeza mate. "Dada yangu, tangu tumemzika hakuna mtu anayelitaja jina la mwanangu humu ndani. Ndugu zangu wanasema yule, wanasema marehemu. Wanaona wananihurumia. Wakimtaja kwa bahati mbaya wanaziba midomo. Sasa kile kidude kinamwita kwa jina, tena kinamkaribisha! Ningekiambia nini?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wasemavyo, na wasiozaa nao hawana haja ya kuelezwa wanapouona mbele yao hivi.

"Na pale juu," Mama akaendelea, "pameandikwa hali yake. Anaendelea na masomo. Kila siku nafungua tu nione. Anaendelea. Nafunga, narudi kwenye cherehani. Sikuwa na shida na mtu. Siku moja ikaja onyo jekundu: usipowasilisha kazi utaondolewa. Nikasema loo! Mwanangu atafukuzwa chuo? Tena kwa uvivu? Yule hakuwa mvivu, dada. Muulize mtu yeyote. Basi nikaandika nilichojua."

"Binamu yake alikusaidia?"

"Alinionyesha pa kubonyeza tu. Usimguse." Sauti ikawa ya mama mwenye nyumba. "Kama kuna kosa ni langu. Nifunge mimi. Ila kishikwambi mniachie humu, nitatoka nitakikuta."

Hapo ndipo sindano ilipofika kwenye mfupa, na safari hii iliwachoma wote wawili. Sindano alivuta pumzi.

"Mama, kuna mwalimu. Yule anayesahihisha."

"Namjua."

"Chuo kinasema yeye ndiye aliyeuza nafasi ya mwanao. Kesho asubuhi anafukuzwa kazi. Wakimaliza wanampeleka mahakamani."

Kitambaa kikatulia mikononi. "Yule aliyeniambia nile, nilale?"

"Huyo huyo."

"Amefanya nini, masikini?"

"Alikuonea huruma."

Nje, watu walipita wakibishana bei ya kitu fulani, sauti zao zikaja zikaenda.

"Siku hiyo," alisema mwishowe, "ndugu zangu wote walikuwa wananiambia nijikaze. Jikaze, jikaze, kama mimi ni msumari. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia nilale. Na nililala, dada. Usiku ule wa kwanza nililala." Akainuka, akaenda kabatini, akakishusha kishikwambi na kitambaa chake. "Nionyeshe pa kumtoa."

"Si lazima wewe. Nikipeleka maelezo yako, chuo kitafunga chenyewe kesho."

"La. Hawamfukuzi mwanangu. Nilimpeleka shule mwenyewe, nitamtoa mwenyewe."

Kwanza waliandika maelezo, kwa utaratibu, Sindano anauliza, Mama anajibu, akatia sahihi kila ukurasa. Sindano alimwambia kweli bila kupaka mafuta: kosa lipo na litaandikwa, lakini yeye Inspekta atasimama mwenyewe mbele ya mwendesha mashtaka amweleze alichokikuta humu. Akampigia Mkuu wa Masomo hapo hapo. Alisema nina jina, si la mkufunzi, ichane hiyo barua. Mkuu alitaka kuhutubia. Sindano akakata simu.

Kisha wakaketi bega kwa bega, kishikwambi mapajani mwa Mama. Tovuti ilimkaribisha marehemu kwa jina. Mama akapitisha kidole juu ya jina hilo, taratibu, mpaka ukafunguka ukurasa usiohitajika, ikabidi warudi nyuma. Wakapata mahali palipoandikwa Kuacha masomo. Ikatokea orodha: Chagua sababu.

"Soma," alisema Mama. "Macho yangu hayaoni sasa."

"Nimehamia chuo kingine. Nimepata kazi. Ugonjwa. Ujauzito. Sababu nyingine."

"Hiyo nyingine haipo?"

"Ipi, mama?"

"Iliyompata."

Sindano alipandisha, akashusha. Chuo kizima, na vitabu vyake na mihadhara yake na ushauri wake wa moyo, hakikuwa kimefikiria kwamba mwanafunzi anaweza kufa. "Haipo," alisema.

"Bonyeza nyingine."

Kikatokea kisanduku cha kuandikia. Mama alifuta macho kwa kile kitambaa kilichodariziwa, akaandika mwenyewe, kidole kimoja, herufi moja moja: Mimi ni mama yake. Amefariki. Mwalimu wake hakujua, msimwonee. Mwanangu hakuwa mvivu, zile mbaya ni zangu. Asanteni kwa kumsomesha.

Alisoma alichoandika. Akabonyeza kabla mkono haujamkataa.

Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka. Kisha maandishi yakaja, na Mama akageuza uso kando. "Wamesemaje?"

Sindano aliyasoma kwanza kimoyomoyo, akatamani awe na akili ya kutunga kitu kingine. Hakuwa nayo. Akasoma kwa sauti, na jina la kijana akalitaja vizuri, lote:

"Tumepokea ombi lako. Tunasikitika kwamba unatuacha. Mlango uko wazi. Siku yoyote utakapokuwa tayari kurudi, tuko hapa tunakusubiri."

Mama akarudisha uso. "Wajibu," alisema. "Waandikie, dada. Waambie harudi."

Sindano akatafuta pa kuandika. Ukurasa ulikuwa umeshawatoa nje, unadai neno la siri. Siku zote kishikwambi kilikuwa kikimfungulia Mama bila kumwuliza kitu; sasa kiliuliza, na neno lenyewe lilijulikana na mtu mmoja tu, naye yuko chini ya udongo.

"Hakuna pa kuandika, mama."

Basi Mama akalia. Alilia kwa sauti, hakujali majirani, akimwita mwanawe kwa jina. Sindano alimshika mabega na kulia naye, maana ziko kesi ambazo mtu akishazitatua hana jingine la kufanya.